Daraja Jipya la Gitaa la Baba

Nilikichukia kile chuma tangu wiki ya kwanza niliporithi gitaa. Baba alipofariki, ndugu zangu walichukua vitu vya maana, mimi nikaachiwa gitaa la umeme lenye rangi ya chai ya maziwa, limekwaruzika begani, na tumboni limebeba daraja lililooza. Daraja ni kile chuma kinachoshika nyuzi upande wa chini. Hili la baba lilikuwa la aina ya kuchezacheza: nyuma kuna springi zinazolivuta, mbele kuna mkono wa chuma, na ukiubonyeza mkono sauti inatetemeka kama ya mtu anayeimba huku amebebwa kwenye baiskeli. Ndivyo linavyotakiwa liwe. La baba lilikuwa halichezi wala halitetemeshi kitu. Hewa ya chumvi ya Tanga ilikuwa imeshalila, skrubu zimegeuka unga mwekundu, na mkono wenyewe haupo sijui tangu lini.

Kibaya zaidi, gitaa lilikuwa limeshuka. Nyuzi zote zimelegezwa, sauti moja na nusu chini ya pale gitaa la watu wenye akili zao linapokaa. Baba alipokuwa hai nilimuuliza mara nyingi kwa nini halipandishi, na kila mara alinijibu maneno mawili tu: chuma kimechoka. Alikuwa fundi wa karakana ya reli maisha yake yote. Chuma kikimshinda yeye, nani angebisha? Nikaamini, na niliporithi nikakichukia.

Kikundi chetu cha taarabu ni kidogo: kinanda, besi, ngoma, gitaa, na mwimbaji ni mama. Sote tulikuwa tunamfuata mgonjwa. Kabla ya kila wimbo mpiga kinanda anabonyeza kitufe chake ili kinanda kishuke kilipo gitaa. Besi naye analegeza nyuzi zake. Tukialikwa kupiga na wenzetu, wao wanatuni nyuzi kwa dakika mbili, sisi tunaanza kuelezana. Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka moto. Watu wazima wanne, wenye wake na watoto, tunanyenyekea kipande cha kutu!

Ningevumilia pengine, lakini binti yangu akaposwa. Na mama alikuwa hajaimba tangu baba afariki. Eda ilikwisha, mwaka ukapita, wa pili ukafuata, na kila akialikwa alisema koo linamkwaruza. Tulikuwa tumeshaanza kusema chinichini kwamba basi, mama ameshaacha. Mjukuu wake ndiye aliyekwenda kumkalia miguuni na kumbembeleza, na kwa huyo bibi hana jeuri. Akakubali wimbo mmoja tu, ule baba aliomtungia wakati anamchumbia, ambao umeimbwa kwenye harusi zote za nyumba yetu. Mimi akaniita pembeni.

“Nikiharibikiwa mbele za watu siku hiyo,” akaniambia, “sitaimba tena. Usinikosee.”

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitamwekea gitaa kama la redioni. Laiti ningeufyata mdomo.

Daraja jipya lilitoka Mombasa. Binamu yangu alilinunua kwenye duka la vyombo vya muziki akalileta mwenyewe, limefungwa ndani ya doti ya leso. Pale Horohoro, mpakani, aliulizwa ni kitu gani, naye kwa kuwa hajui akasema ni cha cherehani. Lilipofika nililiweka mezani tukalitazama. Lilikuwa zuri, sikatai. Chuma kinang'aa, springi mpya tano, mkono wake umejikunja vizuri. Mama alilinyanyua, akalipima uzito kiganjani kama anayepima kitunguu sokoni.

“Kipya kinyemi, ingawa kidonda,” akasema. Kisha akauliza la zamani lina ubaya gani.

Nikamjibu kwa hasira kwamba ubaya wake ni fedheha tunayoipata kila siku. Alirudi kukuna nazi yake.

Hapo mateso yakaanza. Daraja la zamani lilishikwa kwa skrubu sita, jipya lilitaka nguzo mbili nene, na hakuna tundu hata moja lililolingana na jingine. Ilibidi matundu ya zamani yazibwe kwa vijiti na gundi, kisha yatobolewe mapya. Nikalipeleka kwa seremala wa Ngamiani, mtu anayesifika kwa milango. Nilimwandikia vipimo kwenye karatasi, naye akaiweka karatasi chini ya kikombe cha kahawa. Akaniambia yeye hupima kwa jicho. Jicho lake likakosea kwa upana wa punje ya mchele, na kwenye mlango punje ya mchele si kitu, lakini kwenye gitaa ni msiba. Nilimtolea maneno ambayo baadaye nilikwenda kumwomba radhi. Nikaziba tena, nikatoboa mwenyewe uani kwangu, na umeme ukakatika tundu likiwa nusu.

Nilipofungua mgongo wa gitaa nitoe springi za zamani, nikakuta siri ya kwa nini daraja lilikuwa halichezi. Baba alikuwa ameshindilia mbao kati ya chuma na ukuta wa gitaa. Hata mbao yenyewe haikuwa moja. Vilikuwa vipande vitatu vyembamba, kimoja kimebandikwa juu ya kingine, na kila kimoja gundi yake ina rangi yake, kuonyesha havikuwekwa siku moja. Nyuzi zikilegezwa huwa zinalala chini na kukwaruza shingo ya gitaa, kwa hiyo kila alipozilegeza aliongeza kipande ili daraja liinuke kidogo. Nilicheka peke yangu kwa uchungu. Fundi mzima wa reli, badala ya kununua kifaa, anatia viraka! Nikakitupa kibao kwenye lundo la maranda, nikaendelea na kazi.

Asikudanganye mtu, springi zina kiburi. Daraja la namna hii halikai juu ya kitu, linaning'inia kati ya nyuzi zinazovuta huku na springi zinazovuta kule. Ukikaza uzi mmoja, nyingine tano zinalegea. Ukizirudisha zile tano, ule wa kwanza unalegea. Watu husema Tanga waja leo waondoka leo, basi zile sauti hazikukaa hata hiyo leo. Nilikaa siku tatu na bisibisi mkononi, mke wangu akawa ananiletea chakula bila kunisemesha. Siku ya tatu, alhamdulillahi, likatulia. Sauti zake sita zikakaa pale pale zinapotakiwa na dunia nzima, na nikibonyeza mkono zinatetemeka kisha zinarudi mahali pake. Mpiga kinanda alipokuja mazoezini nikamwambia akiache kitufe chake. Alinitazama kidogo.

“Una hakika?” akaniuliza. “Mama ameshasikia?”

Nikamwambia mama hana haja ya kusikia, anakuja kuimba. Nilimwita mara mbili aje mazoezini, lakini nyumba ilikuwa imejaa wageni wa Pangani na Muheza. Akasema ule wimbo aliuimba kabla mimi sijazaliwa, nimwache apange vyombo.

Siku ya harusi, baada ya sala ya alasiri, uwanja wetu ulijaa wanawake. Bibi harusi alikaa juu ya kiti kilichopambwa, hina mpaka viwikoni. Mama akasimama na leso yake mpya, akashika kipaza sauti, na wanawake wakapiga vigelegele kabla hajafungua kinywa. Nikapiga utangulizi. Wallahi, gitaa lililia. Nilibonyeza mkono ule mara mbili kwa kujionyesha tu.

Ubeti wa kwanza uko chini, akauimba vizuri. Kiitikio ndicho kinachopanda. Alipofika pale sauti ikamkatika. Ilikatika kabisa, ikabaki pumzi tu kwenye spika. Kungwi mmoja akawahi kupiga kigelegele kumsitiri. Mama akatabasamu, akanipa ishara nirudie, tukarudia. Alipofika pale pale ikakatika tena. Safari hii hakuna aliyepiga kigelegele. Binti yangu alishuka kwenye kile kiti akasimama.

Mpiga kinanda alikuwa ameshakielewa kisa kabla yangu. Akabonyeza kitufe akashuka, akaninong'oneza, “Shusha, shusha upesi.” Nami nilitaka kushusha kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Lakini lile daraja langu zuri haliruhusu. Nililegeza uzi mmoja, nyingine tano zote zikapanda. Nikalegeza wa pili, daraja likalala na nyuzi zikaanza kukwaruza. Watu mia wananitazama napigana na springi, na mama yangu amesimama katikati ya uwanja mdomo wazi, hana pa kuishika sauti yake. Nilijilaani.

“Liweke chini, mwanangu,” mama akasema. Alisema nje ya kipaza sauti, taratibu.

Nikaliweka. Akamtazama mjukuu wake, akaanza upya bila gitaa wala kinanda, chini kabisa, pale alipopazoea. Mpiga ngoma akamfuata kwa vidole tu. Kiitikio kikapanda nacho, na wanawake wakakidaka wakakibeba pamoja naye mpaka mwisho. Alimaliza. Lakini alipokaa niliona mkono wake ulioshika leso umejaa jasho, na hakusimama tena siku ile.

Wageni walipokuwa wanakula nilikwenda kukaa karibu naye. Yeye ndiye aliyeanza, akaniuliza kile kibao cha baba ndani ya gitaa kiko wapi.

Nilijisikia kufa. Yale maranda ya uani wapishi walikuwa wameyazoa asubuhi na kuwashia moto wa pilau. Nikamwambia hivyo hivyo, sikuficha. Akaitazama pilau iliyoko kwenye sinia mbele yake.

“Mara ya kwanza ni nilipomzaa mdogo wako wa mwisho,” akasema. “Sauti haikurudi yote. Nikaona gitaa limeshuka kidogo. Nikamuuliza, akaniambia chuma kimechoka. Mara ya pili nilipougua kifua. Mara ya tatu ni uzee tu. Kila mara chuma kimechoka. Alidhani sijui.”

“Na wewe hukumwambia?”

“Nimwambie ili iweje?” Akaniwekea kipande cha nyama upande wangu wa sinia. “Kula.”

Kesho yake nilikwenda kwa yule seremala wa Ngamiani. Sikumpa vipimo. Nilimwomba kipande cha mbao, nikakichonga mwenyewe, nikakishindilia nyuma ya lile daraja la Mombasa mpaka lisicheze tena. Mkono wake nimeuweka kwenye droo. Nyuzi nikazishusha zote hadi pale baba alipoziacha, na mpiga kinanda akarudi kwenye kitufe chake. Mama ilimchukua miezi kukubali kuja mazoezini. Akaja, akaimba, akawa anakuja.

Juzi nilimsikia kwenye kiitikio anaigusa ile sauti ya juu kwa shida, kama mtu anayefikia kitu juu ya kabati. Alipokwenda zake nikafungua mgongo wa gitaa, nikabandika kipande cha pili juu ya cha kwanza, nikashusha nyuzi. Mazoezi yaliyofuata akasita baada ya ubeti mmoja, akanigeukia akauliza mbona gitaa limeshuka.

“Chuma kimechoka, mama,” nikamwambia.

Chuma chenyewe hakijatimiza hata miaka miwili, kinang'aa mbele ya macho yake. Akakitazama, akaifunga leso yake vizuri kiunoni. Akasema ni kweli, hewa ya Tanga haina huruma na vyuma, kisha akaomba tuanze tena tangu mwanzo.