Mrehani wa Kisahani

Fundi cherehani mmoja hakuwa mchoyo. Uzi angekugawia, sukari angekugawia. Ila mrehani wa marehemu mama yake, hapo ndipo mngekosana. Ulikuwa kwenye beseni bovu kando ya mlango wa jiko, na harufu yake ndiyo pekee iliyombakia ya mama.

Wifi yake, dada wa mumewe, alikaa naye ua mmoja, na hawakupikika chungu kimoja. Wifi akiomba mrehani wa chai, fundi huchuma mwenyewe, jani mojamoja, akayatia kwenye kisahani. Kijiti hatoi ng'o, maana kijiti ukikichomeka udongoni kinashika mizizi. Wifi alilijua hilo fika. Alipokea, akashukuru kwa midomo iliyobana.

Basi siku fundi kalala na homa, mumewe, bwana asiyejua kumnyima mtu, akakata tawi zima akampa dada yake. Haukupita muda, ndoo ya wifi dirishani ikafurika mrehani. Weee! Fundi alimwita mwizi palepale uani, majirani wakisikia, akamtajia na ndoa zake mbili zilizovunjika.

Fundi hakuishia hapo. Eti asiibiwe tena, akaliingiza beseni stoo akatia kufuli. Stoo yenyewe haina hata tundu la dirisha! Mumewe alimwambia mmea unataka jua. Akaambiwa afyate mdomo wake, balaa lote kalileta yeye. Mrehani ukageuka njano, ukapukutika, shina likaoza. Fundi alikaa juu ya gunia la mkaa akalia kama siku aliyofiwa.

Kiburi kilimzuia kwa muda, kisha harufu ile ikamshinda. Akajikaza, akaenda kubisha hodi kwa wifi. Dirishani ndoo imesitawi, matawi yananing'inia mpaka nje.

"Wifi, wangu umekufa," akasema. "Naomba kijiti kimoja tu, nipande."

Wifi alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akaingia ndani. Fundi akasikia maji yakimwagika, akaanza kupata matumaini. Wifi akatoka na kisahani. Majani yameoshwa, yamepangwa vizuri, jani mojamoja.

"Ya chai hayo, wifi yangu. Yakiisha, njoo tena."

Fundi akakipokea kwa mikono miwili, akashukuru.