Simbilisi wa Zuhura

Enzi zetu Idi haikukamilika mpaka tumekwenda kuwaona wanyama. Siku ya pili, baada ya pilau, Baba aliisugua mikono yake ya fundi wa magari kwa sabuni ya unga, akavaa kofia, nasi tukatoka mtaani kwetu Buyenzi kwa miguu, Mama nyuma na chupa ya chai. Watoto wa leo ukiwaambia watembee hadi mtaa wa jirani wa Asiatique tu, wanakuuliza teksi iko wapi. Sisi tulitembea na viatu vipya vinavyotuchubua, na hakuna aliyelalamika.

Bustani ya wanyama yenyewe ilikuwa ndogo: sokwe mmoja mwenye huzuni, nyoka nyuma ya vioo, chui asiyetulia, na mamba. Tulikwenda kwa ajili ya mamba. Desturi ilikuwa kumpelekea simbilisi, wale wanyama wadogo wanene wasio na mkia tuliowafuga jikoni. Aliyekuja mikono mitupu alinunua mlangoni. Mlinzi alimrusha simbilisi kwa mamba, maji yakaruka, nasi tukapiga kelele. Nasema kweli, tulifurahi.

Mwaka mmoja Baba aliniambia, "Enda lete ule mukubwa wa kiume." Nilikuwa na miaka minane, na kanzu mpya nyeupe. Simbilisi wote walikimbilia nyuma ya kuni isipokuwa mmoja, wa dada yangu Zuhura, mwenye doa jeupe usoni. Zuhura alimlisha majani ya viazi kwa mkono wake tangu akiwa mdogo, kwa hiyo hakuogopa mtu. Alinijia mwenyewe. Sikutaka kuchafua kanzu kwa kufukuzana na wengine. Nikamtia kikapuni, nikafunika.

Kule bustanini, mlinzi alipomtoa kikapuni, Zuhura akamtambua.

"Baba, apana! Iyo ni yangu!"

"Nyamaza, mutoto, batu banatuangalia," Baba alisema. Alipogeuka kumtazama simbilisi vizuri, mlinzi alikuwa amekwisha kumrusha.

Zuhura hakulia. Alirudi nyumbani mbele yetu, peke yake, na tangu siku hiyo alimpa Baba mkono wa Idi akitazama chini. Baba hakumwambia kwamba aliyemchagua simbilisi wake ni mimi. Nami nilinyamaza. Tulimzika Baba akiwa bado amebeba kosa langu, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Idi iliyopita wajukuu wa Zuhura walitaka kwenda kwa mamba. Mimi na Zuhura tulikwenda nao, kwa teksi, bila shaka. Walimpa mamba mgongo ili wajipige picha, kisha wakalalamika kwamba mtandao hauvuti. Mlangoni mwanamke mmoja alikuwa bado anauza simbilisi. Nilipowaona sikuweza kuvumilia tena.

"Dada, haikuwa Baba. Ni mi nilimukamata wako. Niliogopa kuchafua kanzu."

Aliitazama kanzu yangu ya Idi.

"Kanzu," alisema. "Na Baba nikamunyima macho mpaka akakufa."

Machozi aliyoyazuia siku ile yakamtoka mbele za watu. Alipokwisha kujifuta kwa mtandio, alinunua simbilisi mmoja, akaniwekea mikononi.

"Mubebe we. Na tunaenda na miguu."

Zamani tulirudi mikono mitupu, tukicheka njia nzima. Safari hii wajukuu walipanda teksi yao, nasi wazee wawili tukatembea hadi Buyenzi, mimi nimembeba simbilisi. Njiani yule mnyama alinikojolea kanzu yote. Sikumshusha.