C ni Chemka

Miaka ile Tunduma ilipojaa pikipiki za Kichina zinazopozwa na upepo, mimi nilijitia ujanja nikanunua ya mtumba kutoka Nakonde, yenye rejeta kama gari. Niliringa nayo mno. Kasoro yake ilikuwa moja: haikuwa na kitu cha kuonyesha joto la maji, nami nilikuwa na safari ya Kamsamba, kule bondeni kwenye joto, kwenda kuposa. Aliyekuwa anisemee ukweni ni shangazi yangu, naye alishaniambia kwamba tukikwama njiani nisimtafute tena, nioe hiyo pikipiki.

Fundi wangu alikuwa na geji ya kuongezea, ndogo, ya mviringo. Alikata mpira wa rejeta, akapachika katikati kipande cha bomba chenye senso, akabana kwa klipu mbili, akapitisha waya hadi kwenye swichi, na geji yenyewe akaifunga kwenye usukani kwa kipande cha tyubu. Kazi ilikuwa safi, siwezi kumsingizia. Kwenye kioo kulikuwa na mshale na herufi mbili tu, C kushoto na H kulia. Nikamwuliza maana yake.

"C ni Chemka," akasema. "H ni Hali nzuri."

Nikauliza mbona pale kwenye H kuna mstari mwekundu. Akanitazama kwa huruma, akaniuliza shuleni mwalimu alikuwa anatia tiki kwa kalamu ya rangi gani. Nikaona kweli, swali langu lilikuwa la kijinga.

Asubuhi ya safari kulikuwa na ile baridi ya Tunduma ya kukunja vidole. Nikawasha pikipiki. Mshale ulikuwa umelala kwenye C. Moyo ulinipasuka: haijatoka hata uani, imeshachemka. Shangazi akasema imeamka na homa, na mwenye homa hukandwa. Akalowesha kitambaa kwa maji yetu ya safari, akaanza kuikanda injini huku akiipa pole. Mshale haukusogea. Tukaishia kummwagia mgonjwa dumu zima, ndipo tukaondoka, roho mkononi.

Mwendo si mrefu, mshale ukaanza kuiacha C. Shangazi akapiga kigelegele mgongoni kwangu nusura tuingie mtaroni. Tulipofika Chitete ulikuwa katikati, na tulivyozidi kuteremka, jua likiwaka na njia ikiwa mchanga mtupu, ndivyo ulivyozidi kukaribia H. Nilijisikia bwana harusi kamili. Nilimwambia shangazi kwamba pikipiki imepona, akajibu kwamba yeye mkono wake ni wa dawa tangu utotoni. Mshale ukagusa H, ukapita mstari mwekundu, tukawa tunaimba.

Tulikuwa bado tunaimba mvuke ulipotufunika. Injini ikazima, na chini yangu kukawa na mlio wa sufuria ya maharage.

Tukakaa chini ya mgunga hadi ikapoa. Maji hatukuwa nayo, kijito kilikuwa kimekauka, na nyumba hazikuonekana. Tulichokuwa nacho ni galoni la togwa la kupeleka ukweni, na shangazi alishaapa kwamba mtu hapigi hodi kwa wakwe mikono mitupu. Alilitazama galoni, akaitazama pikipiki, akanitazama mimi. Kisha akafungua kifuniko cha rejeta kwa kanga yake, akamimina togwa yote. Nilitamani kulia.

Tuliingia uani kwa baba mkwe tukinuka uji ulioungua. Ng'ombe wake waligeuza vichwa. Mzee alitukaribisha kwa adabu, akauliza habari za safari, na mimi, kwa kiherehere, nikajibu, "Hali nzuri, baba." Nyuma yangu pikipiki ikapiga chafya na kutema povu.

Binti niliyekuja kumposa akatoka na maji ya wageni. Alinipita mimi, akampita shangazi, akainama mbele ya geji, akaitazama vizuri, akaanza kuimwagia rejeta yale maji pole pole. Mzee akauliza kama wageni wamekuja na chochote. Nikajua posa imekwisha.

"Togwa tumeleta, kaka," shangazi akasema. "Ila imo ndani ya pikipiki."

Mzee akainuka, akaenda hadi kwenye rejeta, akachovya kidole kwenye tone lililokuwa linaning'inia, akaonja. Akafikiri.

"Tumepokea," akasema. "Ila mmeipika sana."

Nilimwoa. Maana halisi ya C na H alinieleza yeye mwenyewe, baada ya harusi, akicheka hadi akakaa chini. Na hadi leo akiniuliza habari za kazi nikamjibu hali nzuri, mke wangu haulizi zaidi; anakwenda kuteka maji.