Kwaruza Mara Tatu

Watu walimwita Masikio, na kwa miaka thelathini radioni jina hilo lilikuwa sifa. Tangu astaafu lilikuwa mzigo. Alizunguka nyumba kwa nyumba na mkebe wa biskuti, akirekodi maneno ya wazee kabla hayajapotea, na kila nyumba ilitaka sauti ibaki katika simu yake yenyewe. Simu hii ina tundu la mviringo, ile tundu bapa, kompyuta ya yule mwingine haina tundu hata moja lililo zima. Maiki yake ndogo ya kidijitali ilikuwa vipande viwili: kimoja hubanwa kwenye ukosi wa msemaji, cha pili huchomekwa kwenye simu. Mkebe ulijaa vichwa vya kuunganishia vya kila umbo.

"Hii inaingia popote," alikuwa akisema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuingia popote.

Kanuni yake ilikuwa moja. Vipande viwili vikisikilizana, huwaka taa ya kijani. Lakini taa haisemi kama simu nayo inasikiliza. Kwa hiyo kabla ya kazi hukwaruza maiki kwa ukucha mara tatu, macho kwenye mstari wa sauti unaochorwa kwenye kioo cha simu. Mstari ukiruka, vema. Ukilala, simu inasikiliza kwa maiki yake yenyewe.

Asubuhi ile alikwenda kwa mwalimu aliyemfundisha darasa la nne. Kesho yake mama huyo alikuwa apasuliwe koo, na daktari hakumficha: sauti huenda isirudi. Alitaka wajukuu wamsikie akieleza jinsi babu yao, marehemu mumewe aliyekuwa mtunza stoo wa karakana, alivyofukuzwa kwa wizi wa vipuri asioufanya.

"Umechelewa," Mwalimu alisema kwa sauti ya kukwama.

"Dakika mbili tu, Mwalimu."

"Dakika mbili ni kuchelewa. Na viatu vina vumbi."

Masikio, babu wa watu wanne, alitazama viatu vyake. Akambania maiki ukosini kwa ncha za vidole, akachomeka kipande cha pili kwenye simu ya mwana wa Mwalimu, simu mpya yenye kava nene, akaiweka dirishani. Taa ikawaka kijani. Alinyoosha ukucha kuelekea ukosi, Mwalimu akamkazia macho yale ya darasa la nne. Ukucha ukarudi mfukoni.

Mwalimu alizungumza dakika arobaini. Alieleza ukoo, elimu ya marehemu, suti aliyovaa siku ya harusi, heshima aliyopewa na wakubwa. Mwana na mkewe walikaa chini ya dirisha, wakinong'ona. Alipomaliza, sauti ilikuwa imebaki uzi.

Masikio akabonyeza kusikiliza. Mwalimu alikuwa mbali, kama anaongea ndani ya chungu. Waliosikika vizuri walikuwa wawili wa dirishani.

"Baba watoto, hivi babu hakuiba kweli?" mkwe alikuwa akiuliza.

"Mimi nilisikia aliiba, wakamsamehe tu asishtakiwe. Acha mama aseme, ajiliwaze."

Mkwe akafunika uso kwa kanga. Mwana akapata mahali pa kuiweka hasira yake.

"Wewe mzee si ulisema inaingia popote?"

"Imeingia nusu. Kava limeizuia." Masikio aliketi bila kukaribishwa. "Kosa ni langu. Sikukwaruza."

"Kwa nini?"

"Nilimwogopa mama yako."

Ingekuwa siku nyingine wangecheka. Mwalimu alikuwa akimtazama mwanawe, bila ukali wowote, na hilo ndilo lilimtisha mwana zaidi.

"Kwa hiyo hata wewe," alisema.

"Mama, hujawahi kutuambia nani aliiba. Kila mara unatuambia suti."

Mwalimu akamwashiria Masikio aanze upya. Masikio akavua kava, akasukuma kichwa cha kuunganishia mpaka kikagota. Safari hii Mwalimu alikwaruza maiki mwenyewe, mara tatu, kwa ukucha wake uliokatwa vizuri.

"Umeruka?"

"Umeruka, Mwalimu."

"Wajukuu zangu," alisema, na kila neno lilitoka likijikokota. "Vipuri vilichukuliwa na kaka yangu, wa tumbo moja nami. Babu yenu alijua. Alikaa kimya ili kwetu kusiaibike, nami nikamwacha afukuzwe. Nimewapambia jina lake miaka yote kwa sababu nilishindwa kulisafisha."

Alitaka kuongeza jambo. Midomo ilicheza, mstari wa simu ukalala. Sauti ilikuwa imekwisha, siku moja kabla ya daktari.

Mwana alikwenda kupiga magoti mbele ya kiti. Mkwe akaleta maji ya vuguvugu, akamnywesha mama mkwe kwa kijiko.

Mwalimu alionyesha simu, akainua kidole kimoja: rekodi ile ya kwanza. Akapitisha kiganja hewani, kama afutaye ubao.

"Dakika zote arobaini?" Masikio aliuliza.

Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Masikio akaifuta mbele yake, akampa simu aone imebaki ipi. Kisha akaanza kuokota vichwa vyake, kimoja kimoja, kuvirudisha mkebeni. Mgongo ulimuuma. Mlangoni aliinama, akafuta vumbi viatuni, kisha akatoka.