Vitundu Tisa

Nianze na kosa langu mwenyewe kabla hamjalisikia kwa wengine, maana mtaa huu una midomo. Karibu mwaka mzima mwanamke alikuwa akituandikia jinsi mumewe anavyomuua taratibu, na mimi nilikuwa namsahihisha kwa kalamu nyekundu.

Mwanamke mwenyewe ni dobi. Tangu aolewe huku watu walimwita hivyo hivyo, Dobi, na jina alilopewa na mama yake sijui nani alikuwa analikumbuka. Banda lake lilikuwa mlango wa tatu kutoka kwangu. Asubuhi utamkuta ameinamia beseni, mchana amesimama mbele ya meza ya pasi, shati baada ya shati, kola kwanza, halafu mabega, mikono mwisho. Mtu mwembamba mwenye viganja vikubwa vilivyochubuka kwa sabuni. Ukimtania anacheka huku amefunika mdomo, kwa sababu jino la mbele hana. Alisema aliteleza bafuni. Tukaamini. Mtu anayeshinda kwenye maji atakosaje kuteleza?

Mimi ni fundi cherehani. Jumamosi nafunga saa nane mchana, na chumba changu cha nyuma, kile cha kuwapimia wateja, ndicho kilikuwa ukumbi wa kikundi chetu cha waandishi. Msicheke. Siku nzuri tulifika kumi na mmoja, siku ya mvua sita. Alituanzisha Mwalimu, mzee mstaafu ambaye hakuweza kukaa bila watu wa kuwaambia kaeni chini. Alikuwepo Mlinzi wa ghala la saruji, jitu la miraba minne ambalo lilikuwa linatunga mashairi ya mapenzi, na rungu lake la kazi nilikuwa sijaliona likifanya lolote zaidi ya kumkuna mgongo. Dobi alikuja siku moja kuniletea mapazia ya mteja, akasimama mlangoni akisikiliza mpaka maji aliyoacha bandani yakapoa. Jumamosi iliyofuata akaja bila mapazia.

Utaratibu wetu ulikuwa huu. Kila mtu anaandika nyumbani kwake kwa herufi kubwa, kwenye karatasi alizotugawia Mwalimu, na haandiki jina. Karatasi zote zinaingia kwenye kopo langu la vifungo. Unachomoa moja, unawasomea wenzako kwa sauti. Ikiwa ni yako unaisoma vile vile, wala usijikohoze. Kumuuliza mtu kama kisa ni chake ilikuwa mwiko. Mwalimu alisema ndivyo haya itakavyotutoka. Mwisho wa siku karatasi zilibaki kwangu kwenye mtoto wa meza, na mimi, kwa kuwa niliwahi kushinda insha shuleni na sijawaacha watu wasahau, nilijipa cheo cha kuandika maoni.

Visa vile vilianza mwezi wa pili. Cha kwanza, mume alimbana mkewe kidole kwenye mlango kwa sababu chumvi ilizidi. Alifunga mlango polepole, akauegemea, akawasha sigara. Cha pili, alimpigisha magoti juu ya vifuniko vya soda, visigino vyake vikiwa hewani, huku mume anapiga simu kwa rafiki zake na kuwavunja mbavu kwa vichekesho. Tulisikiliza. Mlinzi alikuwa anasogeza kiti. Nitasema kweli, tulipenda. Mtu akichomoa kisa cha kuku wa Mwalimu mnaona nyuso zinanuna, tunataka damu.

Mimi nilidhani ni vya Mlinzi. Nilijiambia mapenzi yamemchosha, sasa anajaribu ukatili. Hata nikamkonyeza siku moja, akanikonyeza na yeye, maskini, akidhani nimependa shairi lake.

Kisha kikaja cha pasi. Mume alichukua pasi ya mvuke ikiwa imechemka, akaiweka nyuma ya bega la mkewe na kuhesabu mpaka tano, bila haraka. Harufu ilifika kwa majirani, wakauliza nani anachoma nyama. Kilipopona kidonda, kisa kilisema, ngozi ilibaki na alama ya pasi nzima, na katikati yake vitundu tisa ambavyo havikuungua.

Nikashika kalamu yangu nyekundu. Naikumbuka kila herufi: "Pasi haichomi hivi. Ngozi ingeungua yote. Mimi nimeshika pasi miaka ishirini. Mume huyu umemzidisha, haaminiki. Na mke mbona haondoki? Tupe mwisho." Pasi yangu ni ya zamani, tumbo lake ni bapa kama sahani, halina tundu la mvuke hata moja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini mimi nilishawahesabu kunguni wa wenzangu na kuwatia alama.

Sasa mume wa Dobi. Alikuwa dereva wa basi la shule, na mtaa mzima ulimwita Mcheshi. Hata msibani angewachekesha wafiwa na wasimchukie. Watoto walikuwa wanamkimbilia, wazee walikuwa wanamsifu, na mimi alikuwa ananiita shemeji wa sindano, nami najichekesha. Mdomo wa asali yule bwana.

Jumamosi yenyewe alitokea saa tisa alasiri, chupa ya soda mkononi. Tulikuwa ndiyo kwanza tumekaa. "Shemeji wa sindano," akasema, "nimekuja kuviona hivi vifungo ambavyo mke wangu anakusaidia kushona kila wiki haviishi."

Mtu mwenye akili angeona uso wa Dobi. Mimi nilikuwa naona sifa tu. "Vifungo gani, shemeji? Mkeo ni mwandishi bwana. Ingia, leo mgeni ndiye atakayetufungulia kopo." Utaratibu huo haukuwepo. Niliuzua pale pale, kumpendeza.

Dobi akasimama. "Leo naomba nianze mimi kusoma," akasema. Hakuwahi kuomba kitu tangu aje.

"Kaa, dada. Utaratibu ni utaratibu," nikamwambia.

Akakaa. Mikono yake mikubwa ikashikana mapajani. Kopo lilikuwa na karatasi saba, na Mcheshi akazungusha mkono ndani kama anatafuta samaki, watu wakacheka, akachomoa.

Alikuwa msomaji hodari, hilo sitamnyima. Alianza kwa sauti ya redioni: "Mume huyu alipendwa na kila mtu. Akiingia mahali, watu walicheka kabla hajasema." Mlinzi akapaza sauti kwamba shemeji ameandikwa, tukaangua kicheko, na yeye akainamisha kichwa kushukuru. Akaendelea. "Siku ya Jumanne alimpiga mkewe kwa mkanda wa kiti cha basi. Kile chuma cha kufungia kikampata sikioni. Tangu siku hiyo, sikio la kushoto halisikii ila mlio."

Hapo sauti ikakatika. Macho yake yakaendelea kushuka peke yake mpaka chini ya karatasi. Kisha akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati, na kutabasamu. Tabasamu lile lile la kila siku, hakubadilisha chochote.

"Mke wangu," akasema, "tangulia nyumbani."

Baadaye, ilipotolewa mfukoni mwake, niliisoma ile karatasi. Mstari wa mwisho ulisema: "Jumatatu asubuhi, akishaondoka na watoto wa shule, mke atapanda gari la kwenda kwa dada yake na hatarudi." Nilimwomba mwisho, akaniandikia. Lakini wakati ule hatukuhitaji kuusoma. Dobi alikuwa ameinua mkono kufunika sikio la kushoto, nasi tukauona mkono huo, na kidole kilichopinda. Chumba kizima kilielewa mara moja. Akitoka naye pale, Jumatatu haimkuti.

Nikaenda kukomea mlango. Ndicho kitu pekee cha maana nilichofanya mwaka ule, na sikukimaliza vizuri. Mcheshi alinishika kisogo akanipigiza uso kwenye gurudumu la cherehani. Nilisikia pua inavunjika, sauti ndogo ya kijiti kikavu. Mwalimu alinyanyuka na kusema "Kijana, kijana," akapigwa kiwiko, miwani ikamvunjikia usoni. Wengine wakajibana ukutani wamekumbatia mikoba. Waandishi.

Alimvuta Dobi kwa nywele kutoka kwenye kiti, akambamiza ubavu kwenye meza ya kukatia, mara moja, mara ya pili, bila kutukana, bila kupaza sauti, kama mtu anayekung'uta zulia. Hapo ndipo nilipojua kwamba hili lilikuwa na miaka. Mkono wake wa pili ukaupata mkasi wangu mkubwa. Dobi akakinga, na mkasi ukampasua kuanzia kiganja mpaka karibu na kiwiko. Damu ikarukia gauni la mteja. Najikumbuka, nimekaa chini na pua yangu mkononi, nikiwaza, pasi haichomi hivi, pasi haichomi hivi.

Mlinzi alikuwa ameganda. Nilimwita kwa tusi ambalo sitaliandika. Ndipo rungu likashuka. Pigo la kwanza lilivunja kifundo cha mkono, mkasi ukaanguka. La pili goti. La tatu na la nne hayakuwa na kazi yoyote, na la tano Mwalimu alilizuia kwa mwili wake, kipofu bila miwani, akilia. Mlinzi alikuwa analia pia, na bado anataka kupiga.

Mcheshi alikuwa sakafuni kati ya vifungo vyangu, mguu umekaa upande usio wake. Dobi akanyanyuka. Akajifunga mkono kwa kipande cha bitana, akalivuta fundo kwa meno. Pasi yangu ilikuwa mezani, ya moto, maana nilikuwa nimeisahau tangu mchana. Akaichukua, akapiga magoti, akaishusha usoni kwa mumewe mpaka ikabaki nafasi ya upana wa vidole viwili.

Hakuna aliyemwambia acha. Mimi nilitaka aiweke. Nasema wazi, nilitaka kuisikia ile ngozi.

"Moja," Dobi akasema. Mcheshi akaanza kumwita majina ya mapenzi. "Mbili." Nyusi zake zikaanza kujikunja kwa joto. "Tatu." Akajikojolea, tukaona sote suruali inavyoloa. "Nne."

Alikaa kwenye nne muda mrefu sana. "Tano," akasema, akasimama, akairudisha pasi mezani, akaisimamisha wima kama inavyotakiwa, akachomoa waya ukutani. Kazi ni mazoea.

Polisi walioitwa na majirani walimpeleka Mcheshi akafungwe plasta, na kabla ya jua kuzama alishaandikisha kwamba amevamiwa na genge la watu kumi na mmoja, lenye rungu na pasi. Nasi tukakaa kwenye benchi la kituo, Dobi na nyuzi zake kumi na nane, mimi na pamba puani. Nilikuwa nimebeba karatasi zote kutoka kwenye mtoto wa meza. Nilijiona nimeleta ushahidi.

Askari wa zamu alikuwa mama wa makamo, hana haraka. Alisoma kila karatasi, akilamba kidole kabla ya kufunua. Kisha akainua ile ya pasi.

"Haya mekundu kaandika nani?"

"Mimi, afande."

"Umeandika haaminiki." Akanisomea yote, mpaka miaka yangu ishirini. "Wewe rafiki yake, fundi, unayejua pasi, hukuamini. Na hizi hazina jina, kazi ya kikundi cha hadithi. Sasa bwana ana mguu uliovunjika. Unataka mimi niamini nini?"

Mimi ni mtu wa maneno. Hakuna anayenishinda kwa maneno mtaa huu. Nikabaki kuisukuma pamba puani.

Dobi alinyanyuka. Alimpa askari mgongo, akafungua kifungo cha blauzi, kifungo nilichomshonea mwenyewe, akaishusha begani.

Ilikuwepo. Pasi nzima, ncha yake ikitazama shingo, ngozi imevimba na kung'aa. Na katikati vitundu, vimepangwa vizuri, rangi yake ya asili. Askari akachukua kalamu, akavihesabu hewani bila kumgusa. Midomo yake ikachezacheza. Akarudi kwenye karatasi, akatazama. Akavihesabu tena, safari hii kwa sauti, na alipofika tisa akaiweka kalamu chini.

"Mama," akamwambia Dobi, "kuna mtu mwingine aliyekuwa anajua?"

Dobi akageuza kichwa, akamletea sikio la kulia, askari akarudia swali. Dobi akaipandisha blauzi na kukifunga kifungo kwa mkono mmoja.

"Hawa niliwaambia," akasema. "Kila Jumamosi."

Hakunitazama. Askari akafungua ukurasa mpya, akanigeukia, akaniambia nitaje jina langu kamili.