Heshima Waliyotubandikia Ukutani

Mwaka walipoanza kupima viwanja kwetu, upande wa Mbegani, ndipo nilipojua kuwa mimi ni mvamizi. Sikuwa na habari. Nimezaliwa pale, kitovu changu kimezikwa pale, minazi ya kwanza aliipanda babu yangu Mkwere. Lakini orodha iliyobandikwa mlangoni mwa ofisi ilikuwa na safu mbili, wenyeji na wavamizi, na jina langu lilikaa kwa wavamizi. Wenyeji wangepimiwa wabaki. Wavamizi wangeondoka.

Nikamfuata mwenyekiti. "Kaka, mimi nimevamia lini? Tumboni mwa mama?"

Huyu kaka tumecheza naye kombolela utotoni. Akajifanya anatafuta kalamu. Akaniambia niandike malalamiko, kisha nije mbele ya kamati na shahidi mmoja, jirani wa siku nyingi asiye ndugu wa damu.

Wazee wameisha. Alibaki mmoja tu, Mnyamwezi, ambaye babu yake alifika pwani na mzigo kichwani, akaona uvivu kurudi, na babu yangu akamkatia pahala pa kujenga. Basi huyu ni mtani wangu. Kwa asiyejua: Mnyamwezi ana ruhusa ya kunitukana mimi Mkwere mahali popote, na mimi nina wajibu wa kumrudishia. Nikinyamaza ndiyo nimemvunjia heshima. Siku tulipomzika mama yake mwenyekiti, mzee huyu alijilaza kaburini, akagoma kutoka mpaka apewe kuku. Mwenyekiti alimpa, huku analia na kucheka kwa pamoja.

Kabla siku yangu ya kamati haijafika, ikaja semina. Watu wa mradi wa kupima viwanja walitoka Dar kutufundisha maneno ya heshima kwa jamii asilia. Jamii asilia, tukaambiwa, ndio sisi. Nikafurahi, ofisini mvamizi, ukumbini asilia, na kati ya milango hiyo miwili ni hatua chache tu. Mwezeshaji, binti mmoja mpole mwenye kitambulisho shingoni, akabandika makaratasi makubwa ukutani. Upande mmoja maneno mabaya: mshamba, mshenzi, mtu wa porini. Upande wa pili mazuri. Mwenyekiti alikaa mbele, anaitikia kwa kichwa kila neno.

Binti akamgeukia mzee wangu. "Babu, shikamoo. Wewe majirani zako hawa unawaitaje?"

"Marahaba. Hawa? Hawa watumwa wangu," akasema mzee, akaninyooshea kidole. "Huyo mama hapo babu zangu waliwakuta kwao wanatafuna mihogo mibichi. Sie ndio tuliowaonyesha moto."

Ukumbi ukaangua kicheko. Binti hakucheka. Alinijia, akainama, akanishika bega. "Pole sana, mama. Unajisikiaje ukiitwa hivyo?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nilitakiwa niseme, nyamaza we mbeba mizigo, kichwa chako mpaka leo kina bonde la pembe ya ndovu. Lakini niliona kamera. Niliona mezani soda na sahani ya pilau yenye kifuniko. Nikaona haya, nisije nikaonekana mshamba kwenye semina ya kukataza neno mshamba. Nikasema kwa sauti ya kistaarabu, "Nimeshazoea."

Akaandika. Amezoea kudhalilishwa. Mzee akaombwa atoke nje kwa lugha isiyofaa. Alinitazama, anangoja nimrudishie. Mimi nikatazama pilau. Akatoka.

Mwishoni mwenyekiti aliweka sahihi kwenye yale maandishi. Mwenyekiti wa kuku. Hakuna aliyehitaji kumweleza utani ni nini.

Siku ya kamati mzee alikuja, amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Kabla hajafungua mdomo mwenyekiti akatoa karatasi ya semina. "Shahidi huyu ana uhasama na mlalamikaji. Mlalamikaji mwenyewe alikiri. Ushahidi wa adui hatuwezi kuupokea, wala wa kumsaidia wala wa kumwumiza."

"Kaka, huyu ni mtani wangu! Si unajua?"

"Mimi hapa najua kilichoandikwa."

Ndipo nikakumbuka wajibu wangu, nimechelewa. Nikasimama, nikamtolea mzee yote niliyoyabana siku ile: mbeba mizigo, mla panya, mtu aliyekuja pwani kwa miguu akasahau njia ya kwao. Mzee akapiga makofi kwa raha. Mjumbe mmoja alianza kucheka, akajikohoza.

"Mama, lugha ya staha," akasema karani, na kalamu yake ikawa inakimbia. Akasoma alichoandika: uhasama ni wa pande zote mbili.

Basi ikaisha hivyo. Wenye makosa nawataja kwa vyeo vyao, wanajijua. Wa kwanza mwenyekiti, kwa sababu alijua. Wa pili yule binti, kwa sababu hakuuliza tunacheka nini. Wa tatu ni mimi na pilau yangu, na nyama yenyewe ilikuwa vipande viwili.

Barua ya kuondoka ilikuja. Semina ilikuwa imefanya kazi, maana neno mvamizi halikuwemo hata mara moja. Waliniandikia "ndugu mkazi asiye rasmi", wakaniomba, kwa heshima, niwe nimetoka siku ya saba.

Siku ya sita nikawa nang'oa mihogo ambayo haijakomaa. Mzee akaja na jembe lake, akaanza upande wa pili wa tuta bila kuombwa. Tulichimba mpaka adhuhuri. Nikamchokoza, nikamwambia Wanyamwezi hawajui kushika jembe, wanajua kata ya kubebea mzigo kichwani tu. Nikangoja anirudishie.

Akafuta jasho, akaupangusa mhogo mmoja mwembamba kama kidole, akaniwekea kwenye tenga.

"Pole, mama," akasema.