Safari ya Mama kutoka Kichiwa hadi Manda

Baba alipofariki mwaka jana, mama hakulia mbele yetu. Matanga yalipoanuliwa alirudi shambani siku hiyohiyo, na tangu hapo akawa mtu wa jembe na kimya. Basi shule zilipofungwa mwezi wa sita, nikaondoka Makambako ninakofundisha, nikaenda Kichiwa kumchukua. Mwalimu mwenzangu ana shangazi huko Manda, kando ya Ziwa Nyasa. Nilitaka mama akae kidogo mahali penye joto, magoti yake yanayomuuma kwa baridi yapumzike. Sikuwa na hekima zaidi ya hiyo.

Kaka yangu Lameki, anayeishi jirani na mama, hakupendezwa.

"Mjane hata mwaka hajamaliza, unamchukua kwenda kutembea! Watu watasemaje?"

Mama alikuwa anamenya viazi. "Watasema nimekwenda kutembea," alisema, akaendelea kumenya. Nikajua amekubali.

Asubuhi ya kuondoka, ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba na majani yalikuwa meupe kwa baridi. Mama alivaa sweta mbili, juu yake akajifunga shuka. Tulipofika Njombe, gari la Ludewa lilikuwa bado linasubiri abiria, kwa hiyo nikamshika mkono tukaenda kutazama maporomoko ya mto Ruhuji, mwendo mfupi tu kutoka mjini. Watu wengi hupita Njombe bila kujua kwamba yapo. Mama mwenyewe alikuwa mmoja wao.

"Nimeuza njegere mji huu tangu hujazaliwa," alisema, "na sijawahi kufika hapa. Nilikuwa nauza, nageuza." Alisimama pale mpaka manyunyu yakamlowanisha uso. "Maji yote haya, na hakuna anayeyasukuma."

Lugarawa tuliingia jioni, tukalala nyumba ya wageni. Mwenye nyumba alituambia kuna kilima nyuma ambako, kukikucha, mtu huona milima ya Upangwa ikijitokeza mmoja mmoja kutoka kwenye mawingu. Tulijaribu. Katikati ya njia magoti ya mama yalikataa, tukakaa juu ya jiwe tukila mahindi ya kuchoma. Kilele hatukukiona. Mama alisema nusu ya kilima inamtosha, lakini nilimwona akiyasugua magoti yake kwa hasira, kama mtu anayemkanya mtoto mkaidi.

Kutoka Ludewa barabara inateremka, inateremka, na joto linapanda kukupokea. Sweta ya kwanza ilivuliwa, kisha ya pili. Manda tulimkuta mwenyeji wetu, yule shangazi, Mama Skola, mbele ya nyumba yake akigeuza samaki juu ya moshi.

"Karibuni jamani! Dada, nipe hayo masweta niyafungie ndani. Huku utayafanyia nini?"

Tulikula ugali wa muhogo na samaki aina ya mbasa. Usiku mama alilala bila blanketi, mara ya kwanza katika maisha yake, akacheka peke yake gizani kwa jambo hilo.

Kesho yake kaka wa Mama Skola, mvuvi aitwaye Benno, alijitolea kutupeleka, pamoja na dada yake, kwenye kisiwa kidogo cha mawe anakopumzika akitoka kuvua. Wageni hawafiki huko. Hakuna hata kibanda.

"Mama, unaogopa maji?" aliuliza Benno akiwasha injini.

"Naogopa. Endesha tu."

Kisiwa chenyewe ni mawe makubwa laini yaliyorundikana, na ndege weusi wanaokausha mabawa yao juani. Upande wa pili kuna kidimbwi ambacho mawimbi hayakifikii. Maji yake ni maangavu kiasi kwamba unaona samaki wadogo wa buluu wakikimbizana chini. Mama aliyatazama muda mrefu. Kisha akajifunga kanga vizuri, akanishika mkono, akaingia. Maji yalifika magotini, kiunoni, kifuani. Akasimama.

"Anitha," aliniita kwa sauti ndogo, "magoti yamenyamaza."

Nikacheka. Naye akacheka, kisha akasema, "Baba yako angenicheka sana leo." Ndipo akalia. Alilia kwa sauti, amesimama ndani ya maji, na mimi nikamshikilia kwa mikono yote miwili.

Mama Skola, aliyekuwa amekaa juu ya jiwe, aliingia majini na gauni lake. "Kumbe umefiwa, dada? Pole. Pole sana." Hakumwambia anyamaze. Alingoja, halafu akauliza, "Alikuwa mtu wa namna gani?"

Mama akamwambia. Alianza na kijana mrefu aliyekuja kwao akiwa amebeba jembe jipya la kuazima ili aonekane mkulima hodari. Mimi, mwanawe, nilikuwa naisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza. Alisimulia mpaka vidole vyetu vikakunjamana kwa maji, Benno akapiga mluzi kutukumbusha kwamba upepo unakuja.

Siku zilizobaki alisimulia jikoni, pwani, na njia nzima ya kurudi hadi Njombe. Nikiwa dirishani mwa gari nilielewa kilichotokea. Kichiwa kila mtu alimjua baba, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Tulimpa mama pole, tukampa na sukari, tukadhani tumemaliza. Ilibidi aende kwa mtu asiyejua kitu ndipo apate wa kumsimulia.

Jioni tuliyofika nyumbani, Lameki alikuja, akasimama mlangoni kama mtu asiyejua kama bado amekasirika. Mama alimpa samaki wa moshi. Kisha akaingia chumbani, akarudi na koti la baba, lile zito la rangi ya kahawia ambalo hakuna aliyethubutu kuligusa.

"Vaa. Baridi ndiyo kwanza inaanza."

Lameki alilivaa. Mikono ilimpwaya kidogo. Alishika kola, akashusha pumzi, akakaa kwenye kigoda karibu na moto.

"Mama," alisema, "hili koti baba alilipata wapi?"

Mama akasogeza kigoda chake.